Teksi ya dola 45 kwenda kuona ndege ya tajiri

Ndege yangu ya Dar ilikuwa inaondoka Dulles, uwanja wa ndege ulio karibu na Washington, jioni, na mimi nimeshushwa pale asubuhi nikitokea Chicago. Masaa tisa ya kukaa kwenye viti vya chuma, chupa ya maji dola 5, nikasema hapana, kuna makumbusho ya ndege hapo jirani na kuingia ni bure, naenda.

Dereva wa teksi mchangamfu balaa, kusikia naenda Afrika akaanza braza huku braza kule, ananiuliza habari za nyumbani na mimi najibu kwa raha zangu, mpaka nikaona bango la duka la magodoro ambalo nilikuwa nimeliona dakika kumi zilizopita. Nikamuuliza, akasema foleni. Foleni ipi jamani, barabara nyeupe! Mita ikasoma 41, akaongeza na ya chai, 45. Mlinzi mlangoni ndo akaniambia kuna basi linatoka uwanjani mpaka pale, dola mbili na ushee. Nilitamani kukaa chini nilie.

Watu wote wanapiga picha na Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, mimi nimefuata GlobalFlyer, ndege ya mtu mmoja ya kuzunguka dunia, kwa sababu mwenyeji wangu Chicago alinipa stori za Steve Fossett, tajiri aliyepiga hela kwenye masoko ya pale pale. Huyu mzee 1998 puto lilimdondosha Bahari ya Coral kwenye radi, akarudi tena, na 2002 kwa jaribio la sita akaizunguka dunia peke yake na puto.

Sasa ndege yenyewe: mabawa yana kama mita 35, ila pale anapokaa mtu ni kama jeneza lenye vidirisha. Nimechungulia. Machi 2005 Fossett alikaa humo masaa 67 akiizunguka dunia, Salina, Kansas, mpaka Salina tena, hajatua, hajaongeza mafuta, tena mengine yalipotea mapema kama kilo 1,200 hivi, anakunywa milkshake tu. Mimi masaa 14 ya daraja la chini magoti yanalia na nimelipa nauli ya kuuza shamba! Kwetu mtu akipata hela anajenga Goba, ananunua gari ambalo anakaa nyuma, na ukimwambia bibi yangu wa Pangani kuna mtu amelipia kubanwa vile atakuuliza nani kamroga.

Alivyokufa ndo kumeniingia. Septemba 2007 aliruka Nevada asubuhi na kandege kadogo, matembezi ya kawaida tu, hakurudi. Wametafuta wee. Mwaka mzima baadaye mtu anayetembea milimani karibu na Mammoth Lakes, California, akaokota vitambulisho vyake na noti za dola kwenye majani, mabaki ya ndege yakapatikana baada ya hapo. Nikajikuta napapasa mfuko wa koti, pasipoti ipo, na dola 31 zangu.

Nje, kituo cha basi, teksi ikasimama. Yule yule. "Braza! Tayari?" Nikageukia upande wa basi linakotokea.