Siulizi Inchi Ngapi, Nauliza Nyuzi Ngapi

Dhoruba inaingia kesho usiku. Utabiri unasema inchi 12 hadi 18 za theluji, yaani kati ya sentimita 30 na 45, na upepo wa kaskazini-mashariki utakaovuma mpaka keshokutwa mchana. Leo asubuhi nimepita dukani, rafu ya mikate imebaki mbao tupu na kwenye maziwa yamebaki yale ya lozi. Kila dhoruba ni hivyo. Watu wa huku Maine, Marekani, wakisikia theluji wanakimbilia mkate, maziwa na mayai, utadhani kuna sherehe moja kubwa ambayo sisi hatukualikwa.

Mimi siulizi inchi ngapi, nauliza nyuzi ngapi. Theluji inayoanguka kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni kavu na nyepesi, unaisukuma na beleshi huku unaimba. Inayoanguka karibu na sifuri imeshiba maji. Hiyo inang'ang'ania kila tawi na kila waya, tawi likielemewa linavunjika, na mara nyingi linavunjikia juu ya nyaya za umeme. Hakuna jimbo Marekani lenye msitu mwingi kuliko hili ukilinganisha na ukubwa wa eneo lake, karibu asilimia 90 ya ardhi ni miti, na nyaya za huku kijijini zinapita katikati ya miti hiyo hiyo. Kesho wanasema itaanza kuanguka kwenye nyuzi 32 za Marekani, ambazo ndizo sifuri yetu. Basi, umeme utaondoka bila kuaga.

Naandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaohama miji ya Portland na Lewiston kuja huku mashambani kutafuta nyumba ya bei nafuu na uwanja wa kulima mchicha. Wengi ni Wakongo na Warundi, na mmoja wao nimeolewa naye. Wakija wanauliza habari za buti na makoti. Buti utanunua. Mjini umeme ukikatika unakaa gizani tu, maji yanaendelea kutoka. Huku umeme ukiondoka, unaondoka na maji, unaondoka na joto, na baada ya muda unaondoka na simu.

Maji kwanza. Nyumba yetu inakunywa kisima, na nilipomwambia mama yangu kule Makete, Tanzania, alifurahi sana.

"Afadhali mna kisima, mwanangu. Umeme ukikatika si mnateka tu?"

"Mama, hakitekeki. Ni bomba limeshuka ardhini, upana wake kama kiganja, na pampu iko huko chini kabisa. Ndoo haiingii."

Akanyamaza kidogo. "Sasa hicho nacho ni kisima?"

Ndicho. Pampu inakula umeme, kwa hiyo leo jioni najaza kila kitu. Hodhi la kuogea linajazwa mpaka juu, na hayo ni ya kumwagia chooni. Madumu yanajazwa ya kunywa na kupikia. Kiwango wanachoshauri huku ni galoni moja, karibu lita 4, kwa mtu mmoja kwa siku, na mimi naongeza kwa sababu chai yetu haipimwi kwa galoni. Kama unawaza kwamba utayeyusha theluji, jaribu siku moja ukiwa huna shida. Sufuria iliyojaa theluji nyepesi inakuachia maji ya kufunika kitako chake tu, na kuni umeshachoma.

Kuni ndizo ninazozipenda kuzungumzia. Kwetu Makete baridi tunaijua. Mwezi wa sita na wa saba sakitu inaamka imekaa juu ya majani, viazi vinaungua, na watoto wanakwenda shule wameficha mikono kwapani. Kwa hiyo nilipofika hapa nikakuta jiko la chuma sebuleni na banda la kuni uani, nilijiona niko nyumbani. Lakini kuni za huku zina elimu yake. Zinauzwa kwa kipimo wanachoita kordi: rundo la futi 4 kwenda juu, futi 4 upana, na futi 8 urefu. Mwuzaji akikumwagia uwanjani kutoka kwenye gari, huwezi kujua kama kordi imetimia mpaka uzipange mwenyewe. Sisi huzipanga mwezi wa tano, zikae kwenye jua na upepo kiangazi kizima. Kuni inayofaa maji yake yawe chini ya asilimia 20. Jirani yetu mzee hana kipimo cha mashine. Anachukua vipande viwili anavigonganisha. Kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinasema dufu.

Ukichoma kuni mbichi hupati joto, unapata moshi mwingi, na moshi huo ukipanda kwenye dohani iliyopoa unagandia humo kama lami nyeusi. Lami hiyo siku ikishika moto inawaka ndani ya dohani yenyewe, kwa mngurumo, na nyumba za mbao huku haziombi moto mara mbili. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya baridi tunamwita fundi apitishe brashi. Hapo usibane hela.

Leo mchana tumehamisha kuni kutoka bandani kuzileta kibarazani, za kutosha kwa siku kadhaa, tumezifunika turubai. Mume wangu ni mtu wa Bukavu, akamaliza safu ya mwisho akasema, "Kuni iko mingi, tutalala kama wafalme." Za mwaloni nimeziweka upande wa mlango kwa sababu ndizo za kulalia, zinawaka polepole na ukiamka alfajiri unakuta makaa. Nyepesi za kuwashia ziko kwenye kikapu pamoja na magome makavu. Majivu yanatoka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, na ndoo inakaa nje mbali na ukuta. Kaa dogo lililofunikwa na majivu linaweza kukaa hai siku nyingi.

Huyo jirani mzee, ana miaka themanini na kitu, anapima dhoruba zote kwa ile ya Januari 1998. Haikuwa theluji. Ilikuwa mvua inayoganda kila inapogusa, siku baada ya siku, kuanzia Quebec mpaka huku. Nguzo zilianguka, na zaidi ya nusu ya watu wa Maine walibaki bila umeme, wa mashambani wengine kwa majuma mawili na zaidi. Yeye na marehemu mkewe waliacha nyumba nzima, wakahamia kwenye chumba chenye jiko la kuni, wakatundika mablanketi milangoni joto lisitoroke. Mpango wetu ndio huo huo. Magodoro ya watoto yatashuka sebuleni kesho, na wao wanaona ni sikukuu.

Sasa jenereta, na hapa naomba tusikilizane. Wote tumesikia habari za nyumbani za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga madirisha, asubuhi hawakuamka. Jenereta inatoa gesi ile ile, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaitoa kwa wingi zaidi. Haikai kibarazani. Haikai kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi. Inakaa nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, na bomba lake la moshi limeangalia mbali na madirisha. Ndani tuna ving'ora vya gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala, nimevibadilishia betri leo. Na usije ukachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani eti iwashe nyumba nzima. Umeme huo unatoka nje kwenye nyaya za barabarani, transfoma inaupandisha kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyeko juu ya nguzo anahangaika kukurudishia umeme ndiye anayekufa. Mwite fundi umeme akufungie swichi ya kubadilishia, inayoitenga nyumba na nyaya za barabarani. Sisi yetu inawasha pampu, friza, friji na feni ya mashine ya joto, basi. Televisheni ipumzike.

Friza lenyewe, likiwa limejaa na hamlifungui, linahifadhi baridi kama saa 48. Kwa hiyo nafasi zilizobaki nimejaza chupa za maji zigande humo.

Mabomba ya ndani nitapita haraka. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, bomba halina pa kwenda, linapasuka, nawe unajua siku barafu inapoyeyuka. Mpira wa bustani uchomolewe, koki ya nje ifungwe kutokea ndani. Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la nyumba liingie, na koki iache idondoshe matone. Mfahamu pia koki kuu iko wapi, wewe na kila mtu mzima wa nyumba, mfahamu mkiwa na mwanga.

Kuku sasa. Mama hana habari na jenereta yangu, anachouliza kila akipiga ni kuku. Nina mitetea na jogoo mmoja mwenye kiburi. Watu wakija wanadhani adui wa kuku ni baridi, wanawazibia banda kila tundu. Kuku akiwa mkavu amevaa koti lake mwenyewe. Kinachomuumiza ni unyevu: pumzi na mavi yao vinajaza hewa maji, maji yanakaa kwenye upanga wa kichwani, na upanga unaganda unakuwa mweusi. Kwa hiyo matundu ya juu nayaacha wazi, yale yanayopitisha upepo usawa wa wanapolala ndiyo naziba, na chini naongeza maranda mengi. Taa ya kupasha joto sitaki kuiona bandani. Maranda, vumbi na balbu ya moto havikai pamoja. Chombo chao cha maji kina kitako cha umeme kisigande, na umeme ukiondoka itabidi wapelekewe maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Kutaga wameshapunguza tangu Desemba, siku yenyewe huku haifiki saa 9 za mwanga. Na theluji hawaikanyagi. Ukifungua mlango jogoo anatoa kichwa, anatazama, anarudi ndani kuwaambia wengine.

Huko nje tumechomeka vijiti virefu pande zote mbili za njia ya kuingilia. Kijana anayekuja na gari la kusukuma theluji anakuja saa kumi usiku, haoni njia iko wapi na maua yangu yako wapi. Ile reki ndefu ya kuvutia theluji kutoka kwenye paa iko kibarazani, kwa sababu theluji iliyoshiba maji ni mzigo, na paa la banda la magari letu si la kulitania. Kuna kitu kimoja wageni hawaambiwi: mashine nyingi za joto zinatoa moshi kupitia bomba fupi ukutani, chini, karibu na ardhi. Theluji ikirundikana ikaliziba, ama mashine inazima au moshi unarudi ndani. Bomba hilo mnalifukua kabla hamjafukua gari. Na gari nalo, fukua bomba la moshi kabla hujawasha injini kupasha watoto.

Mimi mwenyewe sitakuwepo dhoruba ikianza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wazee hawafungi kazi kwa sababu ya theluji. Zamu yangu inaanza saa tisa alasiri, nitaondoka saa sita mchana barabara ikiwa bado nyeusi, na mkoba wa kulalia uko mlangoni: nguo za siku mbili, dawa ya meno, kanga, chapati kwenye foili. Anayetakiwa kunipokea huenda asifike, basi nitalala huko huko. Kwa hiyo kuku wanabaki mikononi mwa mume wangu, Baba Amani, ambaye amekulia mjini na anamwogopa yule jogoo. Nimemwachia ufagio.

Kilichobaki ni simu. Chaja za akiba zimejaa, lakini minara ya simu nayo inaishi kwa betri zake, intaneti ya nyumbani inakufa na umeme. Nimeshampigia mama leo, shikamoo, marahaba, nikamweleza kwamba akiona siko hewani mpaka Alhamisi asianze kumpigia shangazi wa Minnesota usiku wa manane kama mwaka jana. Amesema ameelewa. Kisha akauliza namba ya simu ya yule jirani mzee, awe nayo tu.