Hilux yangu ya 1994 imepata stika ya ukaguzi kwa injini ileile

Nianze na walioniambia niuze. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua: "Kaka, injini imekufa hiyo, tafuta nyingine." Wa pili akataka oveholi, yaani kufumua injini yote, milioni na ushee. Kisa moshi mweusi. Nikipanda mlima wa Iwambi kutoka Mbalizi, hapa Mbeya, bodaboda wa nyuma walikuwa wanaziba pua. Mkaguzi naye aliniambia nipige resi mara mbili tu, akakunja uso, akanirudisha.

Kijiweni wakanishauri nisokomeze stilwaya za kusugulia sufuria kwenye eksozi, eti zitachuja masizi. Nikanunua nne pale Mwanjelwa, nikazishindilia ndani kwa mpini wa jembe. Kuwasha, moshi ukapungua kweli! Lakini kabla ya kufika Uyole gari likaanza kukosa pumzi, gia ya tatu haivuti kabisa. Nikakanyaga mafuta. Bomba likalia "pu!", donge jeusi la moto likaruka na kuangukia karibu na jiko la mama anayechoma mahindi, na mtoto wake amekaa hapo hapo. Alinifokea, na alikuwa na haki. Nilimwomba radhi nikiwa natetemeka. Tafadhali, usijaribu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa pampu za dizeli. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, gari umelitoa wapi?" Nikamjibu Dar. Akatikisa kichwa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Pwani. Pampu iliyofunguliwa mafuta ya kutosha Dar, ikifika huku inamwaga yaleyale, hewa haitoshi, dizeli isiyoungua inatoka masizi. Moshi ungekuwa wa bluu, alisema, hapo angehofia oili na ringi za pistoni.

Tukaanza na filta ya hewa. Nabeba viazi Isyonje, sasa vumbi lililotoka humo utalijua mwenyewe. Mpya haikufika elfu hamsini.

Kisha akafanya jambo lililonifurahisha sana. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), akalegeza nati ya bomba la nozo moja, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, akaisikiliza, akaikaza, akahamia nyingine. Mbili za kwanza na ya nne, kila akilegeza injini inatetemeka na moshi uko palepale. Ya tatu, mlio haukubadilika sana ila moshi ukakata! Mwizi kapatikana. (Kidole usikaribishe hapo, dizeli ya presha inapenya ngozi.) Kwenye mashine ya kupimia, tatu zilipuliza ukungu mwembamba kama wa asubuhi ya Uporoto. Ile moja ilikojoa, matone yananing'inia kwenye ncha. Akabadilisha ncha yake, akapunguza mafuta kidogo kwenye pampu. Laki mbili na kitu, kazi yote.

Nguvu imepungua kidogo, sikatai, ila dizeli nayo inakaa.

Siku ya ukaguzi niliteremka kwanza Mbalizi, nikapandisha Iwambi na mzigo ili masizi ya zamani yatoke, nikaenda moja kwa moja bila kuzima. Kabla ya zamu yangu nikashika leso nyeupe nyuma ya eksozi, ikapata kivuli cha kijivu tu.

Mkaguzi alipiga resi mwenyewe, mara tatu. "Umebadilisha injini?"

"Hapana afande, ncha ya nozo moja."