Mchoro Usio na Mlango

Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo cha uuguzi nilipopewa kwa mara ya kwanza kazi ya kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo aliyesubiri kupelekwa chumba cha upasuaji. Glavu nilikuwa nimevaa, trei ilikuwa tayari, na hatua zote nilikuwa nimezikariri kama shairi. Niliingiza mpira, nikasubiri mkojo ushuke kwenye mfuko, na haukushuka hata tone. Sista wa zamu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakunigombeza, aliinama akaninong'oneza: "Huo uache hapo hapo uwe alama. Chukua mwingine, panda juu kidogo." Nilikuwa nimeuingiza ukeni. Tundu la mkojo lilikuwa juu yake, dogo mno, na mimi, mwanamke wa miaka 21, sikuwahi kujua kwa hakika kwamba lipo peke yake.

Jioni ile nililala na swali. Baiolojia nilikuwa nimeifaulu vizuri sekondari, na mchoro wa mfumo wa uzazi wa mwanamke niliuchora mara nyingi hata ningeweza kuuchora gizani: ovari mbili, mirija miwili, mfuko wa uzazi uliokaa kama peasi lililopinduliwa, mlango wa kizazi, kisha uke, ambao mistari yake miwili ya penseli iliishia hewani. Kila kinachohusika na mimba kilikuwamo na kilikuwa na jina. Cha nje hakikuwamo. Midomo ya uke haikuwamo, tundu la mkojo halikuwamo, na kisimi, ambacho wengine hukiita kinembe, hakikutajwa hata kwa bahati mbaya. Ilikuwa ni ramani ya nyumba yenye vyumba vyote, ila isiyo na mlango wa mbele.

Tangu hapo nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, na nimesikia mara nyingi kwamba Kiswahili hakina lugha ya mambo haya, au kwamba sisi watu wa pwani tuna haya mno kuyasema. Sikubaliani na kauli hiyo. Mimi nimeyasikia yakisemwa waziwazi katika sehemu tatu, na tatizo ninaloliona ni kwamba sehemu hizo tatu hazikuwahi kukaa meza moja.

Sehemu ya kwanza ni chuoni, na hapa namaanisha chuo cha Kurani. Ustadhi wetu, mzee mkali ambaye hakucheka na mtu, alitufundisha hukumu za twahara, yaani usafi wa ibada, bila kuuma maneno: tupu ya mbele na tupu ya nyuma, janaba, yaani hali ya baada ya kujamiiana, hedhi, nifasi, yaani damu ya uzazi, na istihadha, yaani damu inayotoka nje ya siku za hedhi. Tulifundishwa kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii kwamba hedhi haipungui usiku na mchana mmoja na haizidi siku 15, na kwamba mwanamke anapaswa kuijua ada yake, azihesabu siku zake na aitazame rangi ya damu. Nilipoanza kuwahoji wagonjwa kliniki niligundua kuwa maswali ya daktari kuhusu damu isiyo ya kawaida ni yaleyale ya ustadhi. Mama aliyesoma chuoni humjibu daktari kwa ufasaha, ilimradi daktari amuulize kwa maneno anayoyajua.

Sehemu ya pili ni kwa somo. Kabla ya harusi yangu nilifundwa kwa siku kadhaa na bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye hadi leo namwita somo yangu. Alinisinga liwa, akanivalisha shanga kiunoni, akanieleza kwamba nyekundu humjulisha mume kuwa mke yumo hedhini bila ya mtu kufungua kinywa. Alizungumza juu ya raha ya mwanamke kwa nyimbo na mafumbo, na nyimbo nyingine siwezi kuziandika hapa kwa kuwa mama yangu anasoma ukurasa huu. Aliniambia pia, safari hii bila fumbo, kwamba ndoa si mume peke yake, na kwamba mwanamke anayeumia kila usiku akanyamaza anajidhulumu. Ila nilipomuuliza raha hiyo inakaa wapi hasa, alicheka akaniambia mwenye macho haambiwi tazama.

Ya tatu ni hospitali. Huko ndiko nilikojifunza msamba, ile sehemu iliyo kati ya uke na tupu ya nyuma, kwa kuwa ndio unaochanika wakati wa kujifungua, na ndiko "mlango wa kizazi" ulikotoka ukaingia kwenye vinywa vya watu, kwa sababu ya saratani. Kabla ya kampeni za upimaji na chanjo, ambayo Tanzania iliianzisha mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sikuwahi kumsikia mwanamke sokoni akiutaja mlango wa kizazi. Sasa anautaja huku anachagua nyanya. Neno halikuhitaji kubuniwa upya, lilihitaji sababu ya kutamkwa.

Kuhusu maneno yenyewe, nitatoka kidogo kando ya njia. Neno la kitaalamu ambalo Wazungu hulitumia kuitaja njia ya uzazi, vajaina, asili yake ni Kilatini, na maana yake ni ala, ile ya kuchomekea upanga. Kiungo kimepewa jina kwa kumtazama mwenye upanga. Neno jingine la Kilatini ambalo matabibu walilitumia kwa viungo vyote vya nje, pudendumu, maana yake ni kitu cha kuonewa haya, na mshipa mkuu wa fahamu wa eneo hilo bado unaitwa kwa neno hilo. Sisi tunasema uke, neno lilelile linalomaanisha hali ya kuwa mwanamke. Sijui kama wahenga waliliwazia hilo, ila kwa upande huu hatuna cha kuwaonea wivu.

Nilipoanza kusoma historia ya utafiti wenyewe, nilipata faraja ya ajabu kuona kwamba mchoro wangu wa sekondari ulikuwa na ukoo mrefu. Mwaka 1559 mtaalamu wa anatomia wa Italia, Realdo Colombo, alitangaza kitabuni kwamba yeye ndiye wa kwanza kukigundua kisimi na kazi yake. Gabriele Falloppio, ambaye mirija ya uzazi imepewa jina lake, naye akadai kuwa yeye ndiye aliyetangulia. Ni kama mgeni ashuke jahazini Pemba na kutangaza kuwa amegundua karafuu. Hata hivyo angalau walikiandika. Mwaka 1844 Mjerumani Georg Ludwig Kobelt alichora hadi sehemu zake za ndani kwa ustadi mkubwa, na baada ya hapo, badala ya elimu kusonga mbele, ilirudi nyuma. Mwaka 1905 Sigmund Freud, daktari wa Austria wa mambo ya nafsi, aliandika kwamba raha ya kisimi ni ya hatua ya mwanzo tu, na kwamba mwanamke aliyekomaa sharti aihamishie ukeni. Hakupima chochote, lakini kauli yake ilitawala kwa miongo. Mwanafunzi wake Marie Bonaparte, binti wa ukoo wa kifalme, aliamini kiasi cha kukubali mwaka 1927 kufanyiwa upasuaji wa kukisogeza kisimi chake karibu na uke. Haukumsaidia.

Aliyeanza kuuliza watu badala ya kuwaambia alikuwa Alfred Kinsey wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ambaye kabla ya hapo alitumia miaka mingi akikusanya na kupima nyigu wadogo. Ripoti yake ya mwaka 1953 ilitokana na mahojiano na wanawake 5,940. Takwimu zake zina kasoro ambayo haifai kufichwa: waliohojiwa hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na wote waliohesabiwa katika ripoti hiyo walikuwa wazungu, kwa hiyo hawezi kusemea wanawake wote wa Marekani, sembuse wa Tanga. Alichokiweka wazi ni kwamba kuta za ndani za uke zina hisia chache za mguso kuliko watu walivyodhani, jambo ambalo kila mkunga analielewa akikumbuka kwamba mtoto sharti apite hapo. Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson, waliopima mapigo ya moyo na mabadiliko ya mwili maabarani, walionyesha kwamba kilele cha raha ya mwanamke, popote kilipoanzia, mwili hukipitia kwa namna ileile. Freud akawa amejibiwa baada ya miaka 61.

Picha kamili, hata hivyo, ilichelewa zaidi. Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo huko Melbourne, Australia, aliona kwamba vitabu vya upasuaji vilieleza kwa makini jinsi ya kuilinda mishipa ya fahamu ya mwanamume, na kwa mwanamke vilikuwa kimya. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupasua maiti za wanawake: kile kinachoonekana nje, kidogo kama punje, ni ncha tu ya kisimi. Ndani kuna mwili unaopinda, miguu miwili inayoambatana na mifupa ya nyonga, na sehemu mbili nene zinazoukumbatia uke na mrija wa mkojo kutoka pande zote mbili. Kinatokana na chipukizi lilelile la mimba changa ambalo kwa mtoto wa kiume huwa uume. Hata idadi ya nyuzi zake za fahamu, 8,000, iliyokuwa ikirudiwa kila mahali, ilikuja kubainika kwamba ilitoka kwa ng'ombe. Zilipohesabiwa za binadamu mwaka 2022 zilizidi 10,000.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu yananifuata kazini. Nimewahudumia wanawake waliokeketwa, na baadhi yao waliamini kwamba kila kitu kiliondolewa na hakuna kilichobaki. Kwa wengi kilichokatwa ni sehemu ya nje. Miguu na mwili wa ndani bado vipo, na ndiyo sababu daktari Mfaransa Pierre Foldès ameweza kuwafanyia maelfu ya wanawake upasuaji wa kukirejesha kisimi karibu na uso wa ngozi. Maumivu na makovu hayafutiki kwa maelezo. Lakini nimemwona mama akishika kiti kwa mikono miwili aliponisikia nikimweleza hivyo, kisha akaniomba nirudie.

Kizinda nacho kina hesabu zake. Pwani yetu inaijua kisarawanda, kitambaa cheupe cha usiku wa kwanza wa ndoa ambacho kilitolewa asubuhi kwa vigelegele, au kwa kimya kizito. Kizinda ni ukunjo mwembamba wa ngozi laini uliozunguka mlango wa uke, hauuzibi, na kwa kawaida una uwazi tangu kuzaliwa, la sivyo hedhi ingepita wapi? Kwa wengine hunyumbuka bila kutoa damu yoyote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, kwa kuwa hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kuingiliwa. Nawafikiria mabibi harusi waliorudishwa kwao kwa sababu ya kitambaa.

Mwezi uliopita nilimtembelea somo yangu, sasa mzee lakini bado anaitwa kuwafunda maharusi. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya kisimi kama alivyokieleza O'Connell. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza simu juu chini, akauliza, "Na hiki chote kimo ndani?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza tena, kisha akataka nimtumie, na palepale akakumbuka kuwa yake ni simu ya kitochi. Basi nikachukua bahasha ya kadi ya mwaliko wa harusi iliyokuwa juu ya meza, nikaigeuza nyuma, nikamchorea kwa kalamu: tundu la mkojo mahali pake, uke chini yake, midomo, kizinda, kisimi na miguu yake miwili. Akaniambia niyaandike majina yote kwa herufi kubwa, kwa sababu miwani yake imevunjika mkono na mwari anakuja Alhamisi.