Siku moja ya fundi wa ala za okestra wakati wa joto kali

Saa 12:00 asubuhi

Siku huanzia kwenye kipima unyevu cha ghala, kabla ala yoyote haijaguswa. Tunataka unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 60, na joto liwe nyuzijoto 20 hadi 22. Tunaangalia kwanza kumbukumbu ya usiku mzima, kwa sababu mbao huweza kuzoea hali nyingi lakini haivumilii badiliko la ghafla. Umeme ukikatika na ubaridi ukazimika, hewa iliyokuwa na unyevu wa asilimia 50 kwenye nyuzijoto 20 ikipanda hadi 30 bila kuongezewa maji hubaki na karibu asilimia 28 tu. Mbao hukauka na kusinyaa, na popote iliposhikwa pande zote mbili hupasuka. Ndiyo maana ghala la okestra siku hizi linahitaji jenereta au betri kabla ya kununuliwa sello nyingine.

Saa 2:00 asubuhi

Ukaguzi wa ala za nyuzi. Unagonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote wa fidla huku umetega sikio. Sauti kavu yenye mtetemo maana yake mshono umeachia. Hilo si balaa. Watengenezaji hubandika uso wa fidla kwa gundi ya ngozi iliyozimuliwa makusudi, ili joto na unyevu vikizidi, gundi iachie kabla mbao haijachanika. Mshono hubandikwa upya na kushikwa kwa vibanio hadi kesho yake. Ufa kwenye uso, hasa karibu na nguzo ya sauti (kijiti kinachosimama ndani ya ala), ni kazi ya wiki kadhaa na huishusha thamani ya ala.

Vigingi vya kukazia nyuzi hukwama unyevu ukipanda na kuteleza hewa ikikauka. Chaki kidogo na sabuni kavu hutosha. Kwenye besi tunapima umbali wa nyuzi kutoka kwenye ubao wa vidole, kwa sababu uso wa ala huvimba au hubonyea na daraja, kibao kinachobeba nyuzi, hufuata. Wapiga besi wengi huwa na daraja la kurekebishika kwa skrubu, na tunawashauri wote wawe nalo.

Kisha klarineti na obo. Nyingi ni za mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji unaochukua miongo kadhaa kufaa kuvunwa. Mpingo ni mgumu mno, lakini pumzi ya moto na yenye maji ikiingia kwenye bomba ambalo nje ni kavu, ndani hutanuka kuliko nje. Ufa huanza kwenye kipande cha juu, palipo na matundu madogo mengi. Ala mpya hupigwa dakika chache tu kwa siku mwanzoni, kisha hufutwa ndani mara moja.

Saa 4:00 asubuhi

Piano. Ina nyuzi takribani 230. Unyevu ukipanda, bao la sauti, ubao mpana unaokuza mlio wa nyuzi, huvimba na sauti za katikati hupanda kuliko za pembeni, kwa hiyo piano yote husikika imepinda. Onyesho likiwa la ukumbini, kuisawazisha kabla ukumbi haujafikia hali ya jioni ni kupoteza saa mbili. Washeni ubaridi na taa kwanza.

Saa 7:00 mchana

Kupakia. Lori lililofungwa juani hupita nyuzijoto 50 kwa urahisi, na kiwango hicho hulainisha vanishi na gundi. Ala hupanda mwisho na kushuka kwanza. Zikifika, masanduku hayafunguliwi kwa saa moja au mbili ili mbao ipate kuzoea polepole.

Saa 10:00 alasiri

Hapa ndipo penye shida kubwa ya tamasha la nje. Kila nyuzijoto 1 inayoongezeka kwenye hewa iliyo ndani ya bomba la ala ya kupuliza hupandisha sauti kwa takribani senti 3, yaani asilimia 3 ya nusu toni. Pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti hiyo bila kuiondoa. Wakati huohuo nyuzi za chuma hutanuka na sauti yake kushuka, na vibao vya chuma vya glokenshpili navyo hushuka wala haviwezi kurekebishwa. Okestra hujigawa makundi mawili, na hakuna obo ya kutolea noti ya A, ambayo okestra yote hujipimia, itakayoyapatanisha. Dawa tunayoiamini ni kusogeza onyesho hadi jua lizame na kuweka kivuli juu ya jukwaa lote tangu mchana. Koti jeusi la sufu la wapigaji nalo liachwe.

Saa 1:30 usiku

Onyesho. Tunakaa kando na kipima unyevu, nyuzi za akiba na fidla mbili ambazo mwili wake ni wa nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao, ambazo hazijali hali ya hewa.

Saa 4:00 usiku

Nyuta zote, yaani fimbo za kupigia ala za nyuzi, hulegezwa. Singa zake, yaani manywele ya farasi, hurefuka kwenye unyevu na hufupika zikikauka; uta ulioachwa umekazwa unaweza kuvunjika kichwa. Na mbao yake haipatikani ovyo. Uta bora hutoka kwenye mpernambuko, mti wa Brazili, ulio chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2007. Msprusi, mti wa jamii ya misonobari unaotengenezewa nyuso za fidla, nao umeumia: Oktoba 2018 dhoruba ya Vaia iliangusha mamilioni ya miti kaskazini mashariki mwa Italia, ukiwemo msitu wa Paneveggio unaosifika kwa mbao za fidla, kisha mbawakawa wa magome wakashambulia iliyosalia.

Mwisho ni noti, yaani karatasi za muziki. Masanduku yake hupanda ghorofani, hayaachwi chini hata usiku mmoja. Venisi, tarehe 12 Novemba 2019, maji ya mafuriko ya bahari yalifika sentimita 187 na kuingia kwenye konsavatori (chuo cha muziki) yenye hazina ya noti za kale. Tunaandika vipimo vya usiku kwenye daftari, tunajaza maji kwenye mashine ya unyevu, na tunajaribu jenereta kwa dakika 10.