Kuzuia Upakiaji wa Moduli za Kerneli: Faida Yake Iko Wapi?

Moduli ni kipande cha msimbo kinachoweza kuongezwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ikishapakiwa ndani ya kerneli ya Linux, hufanya kazi kwa mamlaka yaleyale ya kerneli yenyewe, na hakuna ruhusa ya faili inayoweza kuizuia. Naamini kuzuia upakiaji huo kuna faida, ingawa si kwa sababu inayotajwa mara nyingi.

Wengi humfikiria mshambuliaji ambaye tayari ameteka mamlaka ya mtumiaji mkuu. Kwake, kuweka kernel.modules_disabled, mpangilio wa kerneli unaozuia upakiaji wa moduli, kuwa 1 ni kikwazo cha kweli, kwa kuwa thamani hiyo hairudishwi mpaka mashine iwashwe upya. Lakini kama anaweza kubadilisha faili za kuwashia mfumo, atasubiri tu wakati huo ufike.

Faida kubwa zaidi, ambayo nasikitika kuona ikipuuzwa, ni kupunguza msimbo unaofikiwa na mtumiaji wa kawaida. Kerneli hupakia baadhi ya moduli yenyewe pindi programu inapoomba soketi (ncha ya mawasiliano) ya itifaki fulani, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandao. Mwaka 2017 ilifichuliwa kasoro katika utekelezaji wa DCCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, iliyokuwamo tangu 2005, na mtumiaji asiye na mamlaka yoyote aliweza kusababisha moduli hiyo ipakiwe, kisha akaitumia kasoro hiyo kujipatia mamlaka makuu. Seva iliyokuwa imezuia moduli hiyo, ambayo seva nyingi hazikuihitaji hata kidogo, haikufikiwa kwa njia hiyo.

Mimi hupakia kila kinachohitajika mfumo unapowaka, kisha nafunga mlango. Kifaa cha USB kitakachochomekwa baadaye huenda kikakosa kiendeshi, yaani moduli ya kukiendesha, na kwenye seva hilo nalikubali.