Kwani kukariri si akili?

Tangu Jumatatu kuna neno limenikwama kooni. Mnamjua Mama Brayo, yule anayekuja kumchukua mwanawe aproni ya hotelini ikiwa bado kiunoni. Alifika getini uso umemchangamka: "Mwalimu, jana amenisomea ukurasa mzima, bila hata kosa moja!" Nami nikamjibu hapo hapo: "Hajasoma, mama. Amekariri." Brayo alikuwa papo hapo, kashika kamba ya mkoba. Mama akanitazama. "Kwani kukariri si akili?"

Mkuu wa shule amehamishwa, dada kalipiwa mahari, na mimi bado nimesimama pale getini.

Kinachoniudhi ni kwamba nilikuwa sahihi. Ukurasa ule una picha kubwa na mistari minne aliyoisikia darasani mara nyingi. Nilipoandika maneno yale yale kwenye vipande vya manila nikavichanganya, "baba" ikawa "dada", "dawa" ikawa "bawa". Kipimo kikali zaidi ni maneno yasiyo na maana: bido, dabu, debo. Hayo hayakaririki. Mtoto mwenye disleksia, ule ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, akisoma Kiswahili mara nyingi makosa si mengi, ila anachelewa, maana herufi zetu hazidanganyi. Kiingereza ndicho kinachomwanika, "made" inapokuwa "ma-de". Kwa hiyo kumbukumbu nzuri inaweza kumficha hadi Gredi ya 3, hadithi zinaporefuka na picha kupungua. Akili ipo, mama. Ndiyo inayomficha. Hivyo ndivyo ningemjibu.

Kwa b na d, chati zetu zenyewe zinachangia: ba, cha, da, mstari chini ya mstari. Mimi nazitenga. b peke yake hadi aisome bila kusita, hata ikila wiki mbili, ndipo d iingie. b inaanza na fimbo, kisha tumbo. Herufi d inaanza na tumbo, kama c, kisha fimbo. Anaandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga mkavu uliochekechwa, tabaka jembamba kiasi kwamba kidole kikipita rangi ya sinia inaonekana. Ukijaza, kingo zinaporomoka na umbo linapotea. (Unga wa ugali niliuacha. Unaganda vidoleni, na sisimizi nao hawakualikwa.) Huku akiandika anatamka sauti, si jina la herufi; ukimfundisha "bii", ba atakuunganishia "bii-a". Mkono wa pili umeshika kioo kidogo: kwenye b midomo inafungana, kwenye d ulimi unagonga nyuma ya meno. Sikio, jicho na mkono kwa pamoja, jambo ambalo daktari Orton na mwalimu Gillingham walilishikilia kule Marekani tangu miaka ya 1930. Kumwambia "angalia vizuri" hakusaidii. Kinachomshinda si kuona, ni kuifunga sauti kwenye alama yake.

Vifuniko vya soda bado tunavyo, kimoja kwa kila silabi. Mtu ni viwili, m-tu. Mbuzi pia viwili, mbu-zi, lakini Brayo anaweka vitatu, kwa sababu tumemzoesha m isimame peke yake. Dakika 15 kila siku, wala si saa nzima Jumamosi.

Jana nilimfungulia ukurasa mpya. Kabla sijasema lolote, akaifunika picha kwa kiganja chake mwenyewe. Akasoma polepole, kama mtu anayevuka Jogoo Road, Nairobi, saa moja jioni. Kwenye "dawa" midomo ikabana, ikaachia, akaanza upya kwa ulimi. Da. Wa. Nilitaka kumbeba juu juu.

Halafu usiku ndio nikawaza: ile picha aliifunika kwa sababu ya neno langu la getini? Mama mwenyewe hajaonekana tangu siku ile; anamtuma jirani.

Na tokeni za stima zimebaki uniti 2, friji imejaa maziwa.