Mama alimaliza dozi kwanza, ndipo tukapanda basi

Mama aligundulika na kifua kikuu wiki ileile majirani zetu walipojiandikisha kurudi Burundi. Tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kibondo, Tanzania, tangu mwishoni mwa 2015, na misafara ya kurudi kwa hiari ilianza Septemba 2017. Mama alitaka tuondoke mara moja. "Mwanangu, nikifa nizikwe Ruyigi, kwetu Burundi," aliniambia. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa naota migomba yetu.

Lakini dozi ya kifua kikuu ni miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne, minne inayobaki dawa mbili. Ukikatiza, ugonjwa unaweza kuwa sugu, na tiba yake ni nzito zaidi. Nilijua tukifika tutahangaika na paa na shamba, na vidonge vitasahaulika.

Tulipofika kwenye meza ya kujiandikisha kurudi, karani alitaka kutuandika sote kwa sahihi ya kaka yangu, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Samahani kaka, mama aulizwe mwenyewe." Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, ibara ya 5, unakataza mkimbizi kurudishwa bila ridhaa yake. Ridhaa ya mama haikuwa mfukoni mwa mwanawe. Niliomba ahojiwe peke yake, sisi tukiwa nje. Alipotoka akasema, "Nimewaambia nitarudi, ila nikishamaliza vidonge." Kaka alinuna, akatangulia na familia yake.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Kila siku bombani palikuwa na jipya: mara kambi inafungwa, mara atakayebaki hapewi mgao. Mama alikuwa halali. Nikaamua kila neno kama hilo nalipeleka ofisini kuuliza, kisha namrudishia jibu kabla hajalala.

Mwezi wa 6 wa dozi makohozi yalipimwa, yakawa safi. Niliomba hospitali imwandikie muhtasari wa matibabu kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya makaratasi ya zahanati zetu, nikaupiga picha kwa simu. Muhtasari huo, kadi za chanjo na karatasi ya kuzaliwa ya binti yangu aliyezaliwa kambini nilivitia kwenye mfuko wa nailoni nikajifunga kiunoni. Sikuthubutu kuviacha kwenye mizigo. Burundi inatibu bure watoto wa chini ya miaka 5 tangu 2006, lakini mtoto lazima awe na cha kuonyesha umri wake.

Tulipofika Burundi, muuguzi wa zahanati ya kwetu alisoma zile karatasi moja moja, akamwandika binti kwenye daftari. Mama alikuwa nje, anaulizia bei ya jembe.